Meneja wa Bichi

Kwetu, bichi si mahali pa kwenda kupumzika. Nalisema mapema kwa sababu nimeshagombana na watu wa Nairobi na Mombasa kuhusu neno hili, na sina nguvu za kuanza upya. Ukitoka Homa Bay ukafuata ziwa mpaka kule chini ya Magunga, bichi ni pale boti zinapopanda mchangani asubuhi, samaki wakapimwa, na wanawake wakaanza kurushiana maneno. Kila bichi ina jina lake, mwenyekiti wake, mizani yake, na mwanamke mmoja ambaye hakuna anayethubutu kumpita kwenye foleni. Mtu akisema anaenda bichi anavaa nguo kuukuu, anajifunga leso mbili kiunoni, anabeba karai, na kama ana akili anakunywa uji kwanza. Mchanga upo, sikatai, lakini mchanga wa bichi ni adui. Ukiingia kwenye omena humvunja mteja jino, na mteja aliyevunjika jino hurudi.

Mama yangu alikuwa mwanamke wa bichi. Katikati ya miaka ya tisini, nikiwa kidato cha pili, alikuwa akiondoka Migori kila Jumatatu juu ya lori la magunia, anashuka ziwani upande wa Magunga, ananunua omena mbichi kutoka kwenye boti, anaianika mwenyewe juu ya nyavu kuukuu, na Alhamisi anarudi sokoni Migori na magunia yake. Omena, kwa asiyeijua, ni dagaa wa ziwa letu, wembamba kuliko kidole cha mtoto, wenye macho makubwa ya kushangaa. Baba alikuwa Mkuria wa mpakani, mtu wa biashara ya ng'ombe, tukimwona mwisho wa mwezi. Mama ni Mjaluo wa ziwani. Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na wala si kwa uzalendo. Hakuna aliyekubali kushindwa, basi. Kiswahili chenyewe mama alikitumia kama panga butu: kilikata, lakini ilibidi apige mara mbili.

Shule yangu ilikuwa ya bweni, upande wa Uriri. Siku moja mwalimu wa Kiingereza alileta karatasi yenye majina ya vijana wa ng'ambo waliotafuta marafiki wa kalamu. Wasichana waligombania nchi kama wanaogombania chapati. Wenye sauti walichukua Amerika na Uingereza, wenye viwiko wakachukua Ujerumani. Mimi nilifika nimechelewa kwa sababu nilikuwa nafyeka nyasi nyuma ya bweni, adhabu ya mdomo wangu, na nikakuta limebaki jina moja tu: msichana wa rika langu, wa mji unaoitwa Leiria, nchi ya Ureno. Kuhusu Wareno nilijua kile ambacho kila mtoto wa shule anajua, kwamba walikuja Mombasa na mizinga, wakajenga ngome, wakafukuzwa. Nilimwandikia kwa upole na nikaamua kutoitaja ngome.

Alijibu baada ya wiki sita. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, ila kilikuwa kimeharibikia upande mwingine, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Alisema mji wao hauna bahari lakini bahari haiko mbali, na kwamba nyanya yake mzaa mama anakaa huko pwani, mahali panapoitwa Nazare. Kila likizo wanaenda bichi. Akatia ndani ya bahasha postikadi ya hiyo bichi ili nione.

Likizo ya Aprili mama aliikuta kadi mezani.

"Hii ni wapi?"

"Ni bichi, Mama. Bichi ya rafiki yangu wa Ureno."

Alijifuta mikono kwenye leso, akaichukua kadi, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Mchanga mpana, rangi ya ule unga wa njano wa msaada. Vibanda vidogo vya kitambaa chenye mistari, vimepangwa safu kwa safu. Na watu, watu wengi mno, wamelala chali, karibu uchi.

"Boti ziko wapi?"

"Hazipo."

"Samaki?"

"Hakuna."

"Mizani?"

"Mama, hii si bichi kama—"

"Sasa hii ni bichi gani haina boti, haina samaki, haina mizani?" Akaisogeza kadi karibu na macho, na nikaona uso wake unabadilika. "Yawa! Hii watu wameokolewa. Boti imezama. Angalia, nguo yote maji imebeba. Wamewalaza hapo kwa jua wapate joto. Na hizo hema ni za msaada."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Mama hakucheka. Aliniambia kuwa mtu anayecheka waliozama, ziwa linamsikia. Basi nikajaribu kumweleza. Nilisema hawa watu wamevua nguo kwa hiari yao. Nilisema wanalala juani makusudi, kutwa nzima, ili ngozi iwe nyeusi kidogo.

"Iwe nyeusi," alirudia polepole.

"Ndiyo."

"Nani amekuambia?"

"Ameandika yeye mwenyewe."

Mama alitikisa kichwa kwa huruma. "Njaa inaweza kufanya mtu aongee hivyo," akasema. Kisha akauliza jina la mahali penyewe, nami nikamwambia Nazare.

"Nazareti?"

"Nazare, Mama."

"Wewe hicho Kiingereza yako inakula mwisho ya maneno. Ni Nazareti."

Hakukuwa na njia ya kumtoa hapo. Kuanzia siku hiyo, rafiki yangu wa kalamu alikuwa mtoto wa Nazareti, na Nazareti ilikuwa imekumbwa na balaa la boti. Jumapili kanisani, wakati kila mmoja anaombea wagonjwa wake, mama alisimama akawaombea wale watu wa mchangani. Mama mmoja nyuma yetu aliuliza walikuwa wangapi. Mama alisema kwenye picha wanaonekana kama mia mbili, na kanisa zima likaguna.

Kadi ziliendelea kuja, na mambo yakaendelea hivyo hivyo. Mimi nilisoma maandishi. Mama alisoma picha. Ikaja ya mwamba mrefu ulioingia baharini, juu ya ncha yake kuna ngome ndogo na mnara wa taa wa kuongoza meli, na mawimbi yanapasuka chini yake kwa hasira. Mimi nilisema, mnara mzuri. Mama alisema, "Hapo boti haiwezi kupanda yenyewe. Hiyo maji ni kali. Lazima wanavuta na ng'ombe." Nikamcheka tena. Ng'ombe baharini! Miezi miwili baadaye ikaja kadi ya zamani, ya picha isiyo na rangi, ya enzi za nyanya yake: ng'ombe wawili wenye pembe ndefu, wameinamisha vichwa, wanaivuta boti kutoka majini. Sikumwonyesha mama kadi ile. Nilikuwa na umri ambao mtu hapendi mama yake awe sahihi.

Ikaja pia ya ghuba ya mviringo kama kombe. Mama aliitazama kidogo tu. "Hii ni Homa Bay," akasema. "Wamefuta milima."

Barua zetu ziligeuka mashindano. Yeye alinipa ule mwamba wa Nazare, akaniambia kuna mtu zamani alikuwa anamkimbiza paa kwa farasi, ukungu umetanda, na farasi akasimama ukingoni kabisa, hatua moja kabla ya kuanguka, na alama ya kwato iko kwenye jiwe mpaka leo. Nikamjibu kwa Simbi, ziwa la duara lililo karibu na Kendu, mahali palipokuwa na kijiji mpaka walevi wakamnyima ajuza mgeni mahali pa kulala, na kijiji kizima kikazama na pombe yake. Nikamwandikia: farasi wenu alijua kusimama, watu wetu hawakujua. Hapo nilijiona nimeshinda. Alipoleta mnara wake wa taa, nilimpelekea kilima cha Asego, kilichosimama nyuma ya mji wa Homa Bay kikiwa kimechongoka vizuri, nikasema sisi mnara wetu tumepewa bure na hauhitaji mafuta. Alijibu kwamba mnara usio na taa ni mlima. Nilimpenda sana siku hiyo.

Halafu akauliza swali dogo. Mama yako anafanya kazi gani?

Nikaandika: mama yangu anafanya kazi bichi.

Kila neno lilikuwa la kweli. Naapa. Lakini jibu lake lilikuja limejaa alama za mshangao. Kila siku? Bichi? Mama yako ana bahati iliyoje! Anakodisha vibanda? Yuko hotelini? Au ni wale wanaokaa kwenye kiti kirefu kuangalia waogeleaji wasizame?

Hapo ndipo nilipopaswa kusema ukweli, na ulikuwa mfupi tu: mama anaanika omena. Lakini shuleni kwetu mama za wasichana walikuwa wauguzi na walimu. Kulikuwa na mmoja ambaye mama yake alikuwa na gari, na gari lile lilipoingia siku ya wazazi, hata mwalimu mkuu alitoka ofisini kuliongoza lipate kivuli. Mama yangu alikuja siku hiyo hiyo kwa miguu kutoka barabarani, na leso zake mbili, akasalimia kila mtu kwa sauti ya sokoni. Nyumbani sikuwa na haya naye hata kidogo. Haya yangu ilianzia kwenye lango la shule, na sasa ikawa imefika kwenye karatasi. Nikachovya kalamu katika uongo nikaandika: mama yangu ni meneja wa bichi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliitia lami. Meneja hawezi kukaa bila wafanyakazi, kwa hiyo nilimpa ishirini. Nikampa ofisi inayotazama ziwa na simu ya mezani. Nikampa kofia ya majani kwa sababu ya jua. Rafiki yangu aliuliza wafanyakazi wanafanya nini, nikasema wanasafisha mchanga. Na mama, kila nilipofika nyumbani, aliniambia nimsomee barua za mtoto wa Nazareti, nami nikamsomea nikiruka kila mahali palipoandikwa meneja. Zilibaki fupi sana. Mama alinyanyua karatasi ikiwa imejaa wino pande zote mbili.

"Hii yote ni 'hamjambo, sisi wazima'?"

"Kiingereza kinatumia maneno mengi, Mama."

"Mm," akasema.

Likizo ya Agosti alikuja na uamuzi. Tulikuwa tunakula. Alisema ameomba vya kutosha, na maombi bila mkono ni kelele. Hadithi ya mikate na samaki kila mtu anaijua. Watu wa huko walishibishwa siku moja, lakini siku moja si maisha. Sasa wamelala mchangani wanangoja tena. Yeye ana omena. Atawapelekea.

"Mama, hawana njaa!"

"Wewe ulienda huko lini?"

Alichagua kwa siku mbili. Sijawahi kumwona akichagua omena namna hiyo, hata ya kupeleka kwa wakwe. Alikaa kwenye kigoda na ungo, akatoa zilizovunjika, akatoa zilizopinda, akapepeta mpaka hakukubaki chembe ya mchanga, akazifunga ndani ya karatasi tatu za nailoni na kitambaa cha gunia alichokishona kwa sindano ya kushonea magodoro. Kisha tukaenda posta ya Migori, yeye mbele, mimi nyuma hatua kumi.

Karani wa posta alikuwa kijana mrefu mwenye kalamu sikioni na sauti ya kutangaza mpira. Alikishika kile kifurushi, akakinusa, akakirudisha.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni omena."

"Inaenda wapi?"

"Nazareti."

Karani alinitazama. Nikamwonyesha anwani. "Ureno," akasoma. "Mama, hii haiwezi kupanda ndege. Itanuka ndege nzima."

"Kwani ndege iko na pua?"

Foleni ikacheka. Karani akasema kuna sheria. Mama akasema aonyeshwe hiyo sheria, mahali imeandikwa omena. Karani akafungua kitabu kimoja kikubwa, akapitisha kidole, ikawepo baruti, ukawepo mkojo wa nyoka au kitu kama hicho, pesa, wanyama hai. Omena haikuwepo. Mama akaegemea kaunta kama mtu aliyekuja kukaa wiki. Mwishowe karani akagonga mhuri kwa hasira, akanipa fomu nijaze kilicho ndani. Niliandika "samaki wakavu" kwa herufi ndogo kabisa.

Na ndani ya barua ya kusindikiza nikaandika nini? Mama alinitajia maneno yake: ichemshwe kwanza, maji yamwagwe, ndipo ikaangwe na nyanya na kitunguu, na watu wasikate tamaa. Mimi niliandika yale ya kupika. Halafu nikaketi nikitafuta sababu ya meneja wa bichi kutuma dagaa. Nikaandika: huu ni ukumbusho wa ziwa letu. Umekaushwa na mmoja wa wafanyakazi wa mama.

Muda mrefu hapakuwa na jibu. Niliamini forodha wamekitupa, au rafiki yangu amekifungua akaniona mshenzi. Usiku mwingine nilitamani hivyo, maana ningepumzika na ile ofisi na ile simu.

Jibu lilikuja Desemba, wakati wa likizo, kwenye sanduku la posta la kanisa tulilotumia nyumbani. Tulikuwa posta pamoja, mimi na mama. Bahasha ilikuwa nene. Nikanyoosha mkono, lakini mama alikuwa ameshaichukua, na akaipitisha moja kwa moja chini ya wavu wa kaunta.

"Kijana wangu, nisomee."

"Mama, mimi nitakusomea nyumbani," nikasema.

"Wewe unasoma kama mtu anakimbizwa. Acha huyu asome. Yeye ndiye alisema ndege itanuka."

Karani alifurahi mno. Aliitoa kalamu sikioni, akaifungua barua, akakohoa. Nyuma yetu kulikuwa na watu saba au wanane, na wote wakasogea. Nilimtazama karani nikimwomba kwa macho. Aliona, nadhani, lakini hakuelewa namwomba nini.

"Anasema, 'Rafiki yangu mpenzi. Samaki walifika. Watu wa forodha walifungua kifurushi, kisha wakakifunga haraka.'" Foleni ikacheka, mama naye. "'Mama yangu alitaka kutupa. Lakini nyanya alikuwa amekuja kutoka Nazare, akasema ngoja. Nyanya yangu ameanika samaki pale mchangani tangu akiwa msichana. Aliichukua moja, akaivunja katikati karibu na sikio asikie inavyolia. Akaila hivyo hivyo. Halafu akala nyingine. Akasema aliyeanika hii anajua kazi. Haikunyeshewa. Iligeuzwa kwa wakati wake. Haina mchanga hata punje moja.'"

Mama alikuwa amenyooka. Sijui niseme vipi. Alikuwa mwanamke mfupi na nilimwona akirefuka. Aligeuka akaitazama foleni kuhakikisha imesikia.

"Endelea," akamwambia karani.

"'Nyanya anauliza: huyo mwanamke anageuza kwa mkono au kwa ufagio? Anajuaje kwamba imetosha? Tafadhali mwambie mama yako, meneja, amuulize huyo mfanyakazi wake. Nyanya anamsalimu huyo mfanyakazi sana, sana. Mama yako pia, salamu.'"

Karani aliishusha karatasi. Palikuwa na kipande kingine, lakini alikuwa ameshaona kitu kwenye uso wa mama.

"Meneja ni nani?" mama akauliza.

"Imeandikwa hapa ni mama yake huyu. Ni wewe, Mama."

"Na huyo mfanyakazi?"

Karani alirudi kwenye karatasi. Aligeuza upande wa pili. Akanitazama mimi, na safari hii nadhani alielewa.

"Huyo hana jina," akasema.

Mama aliichukua barua, akaikunja kama ilivyokuwa, akamshukuru karani kwa heshima zote. Ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ya mwisho: wanawake wa Nazare, wamevaa sketi juu ya sketi, vitambaa vichwani, wameinama juu ya mbao na nyavu zilizoinuliwa mchangani, na samaki waliopasuliwa wamepangwa kwenye jua. Mama aliishika kadi hiyo njia nzima kutoka posta. Nilitembea nyuma yake nikingoja anipige, au angalau anitukane mbele ya watu kama alivyozoea. Alisema neno moja tu, karibu na kinu cha posho.

"Wanaanika juu. Mchanga haufiki. Ni akili hiyo."

Nyumbani aliniketisha mezani, akaweka karatasi mbele yangu.

"Huyo mama mzee ameniuliza swali. Nani atamjibu?"

"Mimi nitaandika, Mama."

"Utaandika nini? Meneja hajui kuanika samaki."

Nikaanza kulia. Nilimwambia nilivyoandika yote: ofisi, simu, kofia, wafanyakazi ishirini. Nilipofika kwenye ishirini, kona ya mdomo wake ilitetemeka, na nikajua anajizuia kucheka, na hilo lilinifanya nilie zaidi. Nilikuwa na aibu, aibu ya kweli, si ile ya langoni. Aliniacha nikamaliza.

"Sasa andika," akasema. "Mwambie meneja amefutwa kazi."

"Mama..."

"Andika! Amefutwa. Alikuwa anakaa tu kwa ofisi. Bichi sasa iko na mimi."

Nikaandika. Niliandika kwamba hakuna meneja na hapajawahi kuwa na meneja. Kwamba kazi ya mama ni kununua omena kwa boti na kuianika, na ile aliyokula nyanya yake imeanikwa na mama yangu kwa ajili yao, kwa sababu alidhani wana njaa. Niliandika pia kwamba nilimficha, na sababu yake, ingawa sababu hiyo ilionekana ndogo sana ilipokuwa imeandikwa kwa Kiingereza. Ilinichukua karatasi mbili. Kisha nikafika kwenye swali la nyanya, nikashika kalamu vizuri, nikamtazama mama kwa bidii ya mwanafunzi mzuri.

"Haya. Unageuza kwa mkono au kwa ufagio?"

Mama alikuwa anaosha vikombe. Aliacha.

"Hujui?"

Sikujua. Nilikuwa nimekula omena ile tangu nianze kuota meno. Sare yangu ya shule, viatu, godoro la bweni, hata stempu za kusafirishia uongo, vyote vilitoka kwenye omena ile. Nilijua mwamba wa Nazare una mnara na ngome, nilijua mtu aliyesimama juu yake huona vibanda vya mistari chini yake. Lakini kule chini ya Magunga sikuwahi kushuka. Mama alikuwa akiniacha kwa jirani nikiwa mdogo, na nilipokua sikuwahi kuomba kwenda.

"Jumatatu utakuja," akasema, akarudi kwenye vikombe.

Tulifika ziwani asubuhi, juu ya lori. Boti zilikuwa zimepanda mchangani, ndefu, zenye pua iliyochongoka na rangi nyekundu na buluu ubavuni, na wanawake wamezizunguka wakibishana kama siku zote. Mama alikuwa ndiye yule mwanamke ambaye hakuna anayempita kwenye foleni. Sikuwa nimejua. Alichota makarai yake, akatandaza nyavu, akamwaga omena ikametameta kama sindano, akaanza kuisambaza. Mimi nilisimama pembeni na sketi yangu safi na daftari, nikitafuta jinsi ya kuandika kwa Kiingereza kile mikono yake ilichokuwa ikifanya. Ilienda haraka kuliko kalamu. Kila nilipopata neno, mikono ilikuwa imeshafika kwingine.

Mwanamke wa wavu wa jirani alinitazama toka juu hadi chini.

"Huyu msomi wako amekuja kufanya nini hapa na kitabu?"

Mama hakuinua kichwa.

"Amekuja kuuliza mimi hufanya kazi gani."

Bichi nzima ilicheka, wavuvi nao. Nilitaka kucheka pamoja nao, nikashindwa. Mistari ya daftari ilikuwa imeanza kuogelea machoni mwangu. Mama akasogea kidogo, akaniachia nafasi ukingoni mwa wavu.

"Weka hiyo kalamu," akasema. "Leta mkono."